Vinho Verde

Vinho Verde ni divai ya kaskazini-magharibi mwa Ureno, katika eneo la Minho, yenye mvua nyingi na udongo wa mawe ya graniti. Mipaka ya eneo lake iliwekwa kisheria mwaka 1908. Jina humaanisha divai ya kijani, lakini kinachotajwa ni uchanga wake wala si rangi: kwa kawaida hunywewa ingali mpya. Nyingi ni nyeupe, ingawa zamani nyekundu ndiyo iliyotawala.

Tabia ya divai hii imetokana na jinsi wakulima walivyobanwa na ardhi. Vishamba vilikuwa vidogo, na vilitakiwa kwa mahindi, viazi na mboga. Mizabibu ikapandishwa juu ya miti na vichanja vya nguzo za mawe pembezoni mwa shamba, chakula kikalimwa chini. Huko juu majani yalipata upepo, maradhi ya ukungu yakapungua, lakini zabibu ziliiva kwa shida, zikawa na sukari haba na asidi nyingi. Kwa kuwa sukari ndiyo igeukayo kilevi, divai ikawa nyepesi. Hata leo, mashamba mengi yakiwa yamehamia kwenye safu za nyaya, chupa ya kawaida huwa na kilevi cha asilimia 9 hadi 11.5 hivi. Vijipovu vyake vilitokana zamani na bakteria walioendelea na kazi ndani ya chupa. Siku hizi viwanda vingi hutia gesi kidogo wakati wa kujaza, jambo linalolalamikiwa kuliko linavyostahili.

Aina za zabibu ni kadhaa, zikiwemo Loureiro yenye harufu ya maua, Arinto, Trajadura na Avesso. Alvarinho husimama peke yake. Ngome yake ni Monção na Melgaço, kando ya mto Minho unaotenganisha Ureno na Hispania. Ng'ambo ya pili Wagalisia wa Hispania huiita Albariño. Milima huikinga sehemu hiyo dhidi ya baridi ya Atlantiki, hivyo zabibu huiva vizuri zaidi na kilevi hufika asilimia 12 au 13. Alvarinho nzuri huweza kuhifadhiwa miaka mingi, na anayeinywa mapema mno hujipunja.

Mezani, asidi ndiyo inayofanya kazi. Hukata mafuta ya sadini wa kuchoma, wanaoliwa kwa wingi mjini Porto katika sikukuu ya Mtakatifu Yohane mwezi Juni, na husimama mahali pa ndimu kwa kome waliopikwa kwa kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na majani ya giligilani. Hufaa pia kwa caldo verde, supu ya Minho ya viazi na mboga za majani zilizokatwa nyembamba mno, yenye kipande cha soseji ya chouriço.

Ushauri kwamba divai hii inafaa samaki yeyote ni wa juujuu. Bacalhau, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, akiokwa na viazi katika mafuta mengi ya zeituni huizima Vinho Verde nyepesi. Huitaka Alvarinho, sawa na pweza wa kuoka. Lampreia, kiumbe anayevuliwa mtoni mwenye umbo la mkunga, hupikwa na wali na damu yake mwenyewe, na wenyeji humla kwa Vinho Verde nyekundu ya zabibu za Vinhão, kali na nyeusi, inayonywewa kwa bakuli jeupe la kauri.

Pilipili haigombani na Vinho Verde nyepesi, kwa sababu kilevi kidogo hakiongezi moto mdomoni. Vitamu vya mayai na sukari, fahari ya watawa wa kale wa Ureno, huifanya ionekane chachu tupu. Vinho Verde hupozwa hadi nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi. Alvarinho iliyokomaa huachwa ipate joto kidogo zaidi, la sivyo harufu yake hufungika.