Mavazi ya Stara na Mtindo Unaokufaa: Mwongozo kwa Familia Zenye Vijana Wanaosoma Morogoro

Bismillaahir Rahmaanir Rahiym

AlhamduliLlaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba wake.

Kila mwaka vijana wetu wa Unguja na Pemba huvuka bahari kwenda kusoma Bara, na baadhi yao hufikia Morogoro. Huko kuna Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro (MUM) pale Msamvu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Chuo Kikuu Mzumbe. Safari yenyewe imekuwa nyepesi tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024. Kinachobaki kuwa kizito ni sanduku la nguo.

Mzazi hununua kwa kukisia. Kijana hufika akakuta hali ya hewa ni nyengine na wenziwe wanavaa vyengine. Haupiti muda mrefu, ama ameanza kupunguza stara yake kidogo kidogo, ama amemaliza pesa za kujikimu kwa nguo za kuwafuata wenziwe, nguo ambazo hata mwenyewe hazipendi. Mara nyingi kijana huyu hakuichoka dini yake. Alikuwa hajajua ni vazi gani la stara linalomfaa yeye, kwa kazi yake na mahali alipo. Makala hii inakusudia kumsaidia kulijua, in shaa Allaah.

Mipaka isiyobadilika

Katika Suratun-Nuur (24), aya ya 30 na 31, Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) ameanza na wanaume, akawaamrisha kuinamisha macho na kuhifadhi tupu zao. Kisha akawaamrisha wanawake hayo hayo, na kwamba wateremshe shungi zao mpaka vifuani. Suratul-Ahzaab (33), aya ya 59, imeongeza amri ya kujiteremshia jilbaab wanapotoka. Kutokana na dalili hizi na Hadiyth za Mtume, wanazuoni wametaja masharti ya vazi:

1. Lisitiri sehemu zote zinazopasa kusitiriwa.
2. Lisiwe jepesi la kuonesha ngozi.
3. Lisibane mpaka likachora umbo.
4. Mwanamke asivae vazi la kiume, wala mwanamme asivae la kike.
5. Lisiwe alama maalumu ya dini nyengine.
6. Lisivaliwe kwa kiburi wala kujionesha.

Kuhusu uso na viganja vya mwanamke wanazuoni wamekhitilafiana. Kila familia ifuate mwanachuoni inayemwamini, bila ya kuwatusi waliofuata kauli nyengine.

Ndani ya mipaka kuna nafasi ya kuchagua

Wapo wanaodhani kwamba mwenye kujali anavyovaa ana upungufu wa imani. Suratul-A'raaf (7), aya ya 26, imetaja nguo kwa kazi mbili, kusitiri na kupamba, kisha ikabainisha kwamba vazi la taqwa ndilo lililo bora. Katika Hadiyth iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Ibn Mas'uud, Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliulizwa juu ya mtu anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri. Akaeleza kwamba Allaah ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Lakini pia amekemea vazi la shuhra, yaani vazi la kutafutia umaarufu, katika Hadiyth ya Ibn 'Umar iliyopokewa na Abu Daawuud na Ibn Maajah. Wanazuoni wamefafanua kwamba shuhra huja kwa njia mbili: nguo ya fahari inayovaliwa ili watu washangae, na nguo chakavu inayovaliwa makusudi ili watu waseme huyu ni mchaji Mungu. Kipimo chepesi ni kujiuliza: lau kama hakuna atakayeniona leo isipokuwa watu wa nyumbani, ningelipenda bado kuivaa? Ukijibu ndiyo, huenda huo ndio mtindo wako. Ukijibu hapana, chunguza nia.

Je, lazima liwe buibui jeusi?

Suali hili huulizwa sana na mabinti. Jawabu ni kwamba rangi nyeusi si sharti. Ni kweli Ummu Salamah (radhwiya Allaahu 'anhaa) amesimulia kwamba iliposhuka aya ya jilbaab, wanawake wa Kianswari walitoka kana kwamba wana kunguru vichwani kwa ajili ya nguo zao (Abu Daawuud). Lakini katika Swahiyh ya Al-Bukhaariy imetajwa pia mwanamke aliyekuja kwa bibi 'Aaishah akiwa amevaa shungi la kijani, wala hakulaumiwa kwa rangi yake. Nyeusi ni nzuri na ina heba. Rangi nyengine tulivu, kama kijivu, kahawia, buluu iliyokoza au kijani cha majani makavu, zinafaa pia madhali hazivuti macho.

Historia yetu wenyewe inatufunza kwamba vazi la visiwani limebadilika. Zama za utumwa, mtumwa wa kike alijulikana kwa kaniki na merikani. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa waliziacha nguo hizo wakavaa kanga za rangi, na baadaye buibui, wakasimama sawa na wenzao kwa heshima na kwa stara. Nguo zilibadilika, na kila aliyeweza kujisitiri alijihisi ameinuka.

Ijue hali ya hewa ya Morogoro na Uluguru

Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, chini ya kilele cha Lupanga chenye mita 2,138. Vilele vya juu kabisa vya Milima ya Uluguru vinapita mita 2,600. Kwa hiyo ndani ya mkoa mmoja utakutana na hali tatu tofauti:

- Mjini: Mchana ni joto, na vumbi ni jingi nyakati za kiangazi. Mwezi wa Juni na Julai asubuhi huwa na baridi ambayo mtu wa Unguja hakuizoea.
- Mgeta na Nyandira: Huku juu, upande wa magharibi, wakulima wanalima kabichi, karoti na viazi kwa sababu ya ubaridi. Sweta ni lazima.
- Kinole na Matombo: Upande wa mashariki hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu, na mvua zake ni nyingi. Utakuta huko karafuu na mdalasini kama nyumbani, lakini njia ni za mteremko na utelezi.

Buibui la polista nzito linaloburura chini linafaa kwa harusi ya jioni Mji Mkongwe. Kwa mwanafunzi anayepanda matuta ya shamba Mgeta, au anayepita njia ya matope Kinole, ni mtihani. Pindo likiwa juu kidogo ya ardhi, na ndani yake suruali pana na soksi, stara inabaki na mtu anatembea kwa usalama.

Hatua tano za kuujua mtindo wako

*Kwanza: andika siku yako.* Kwa wiki mbili, kila jioni andika ulivaa nini, ulikwenda wapi, na nini kilikusumbua. Shungi liliteleza? Mkono ulikuwa mwembamba ukashindwa kutawadha? Baada ya siku 14 utaona nguo mbili au tatu ambazo mkono unazifuata wenyewe. Hizo ndizo msingi wako.

*Pili: tazama kazi yako.* Anayesoma maabara anahitaji mkono wenye mpira kwenye kifundo na shungi lililoingizwa ndani ya koti. Kwenye moto ni bora avae pamba, kwani polista ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Anayekwenda shambani anahitaji gauni lenye marinda mapana. Anayepanda bodaboda ahakikishe pindo na shungi haviko karibu na gurudumu wala mnyororo; watu wameumia kwa hilo. Ikiwezekana, bajaji au daladala ni salama zaidi kwa mwili na kwa adabu.

*Tatu: ujue mwili wako bila ya kuuchukia.* Chapa kubwa kubwa humfunika mwenye mwili mdogo. Mfupi hupendeza kwa rangi moja kutoka shungini hadi pindoni. Mwenye mwili mkubwa asikimbilie saizi ndogo kwa aibu, bali ashonewe na fundi nguo inayoanguka vizuri. Kupendeza kunakotakiwa hapa ni unadhifu, nao ni kwa kila umbo.

*Nne: sikiliza tabia yako.* Kuna mtu wa rangi moja na mikato myepesi, na kuna mtu anayefurahi kwa darizi ndogo mkononi. Wote wawili wako sawa. Asiyekuwa sawa ni anayevaa tabia ya mwengine.

*Tano: pima mfuko.* Nguo inayolazimisha kukopa haikufai hata kama inakupendeza.

Kabla ya kulipa, ijaribu nguo kwa mambo manne: inua mikono juu, rukuu, kaa chini, na kunja mikono hadi viwikoni kama unayetawadha. Mughiyrah bin Shu'bah (radhwiya Allaahu 'anhu) amesimulia kwamba katika safari ya Tabuuk Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alivaa joho la Kishamu lenye mikono myembamba, na alipotawadha ilibidi aitoe mikono yake kwa chini ya joho (Al-Bukhaariy na Muslim). Tunapata hapa mafunzo mawili: nguo iliyotengenezwa na wasiokuwa Waislamu inafaa kuvaliwa, na mkono mwembamba una taklifu yake.

Sanduku la mwaka mmoja

Kwa binti: mabuibui au majilbaab mawili mepesi, magauni mapana matatu ya pamba, suruali pana mbili za kuvaa ndani, mashungi manne, sweta moja, koti la mvua, jozi sita za soksi, raba na viatu vya wazi. Aongeze kanga doti mbili. Kama atakosa, Morogoro yenyewe kuna kiwanda cha 21st Century Textiles kinachotoa kanga na vitenge. Asome maandishi kabla ya kununua: yasiwe matusi wala kijembe, na ikiwa yana jina la Allaah isiwe kanga ya kukalia.

Akumbuke kwamba katika madh-hab ya Imaam Ash-Shaafi'iy mwanamke anaposwali husitiri mwili wote isipokuwa uso na viganja, na nyayo zimo katika vya kusitiriwa.

Kwa kijana wa kiume: kanzu mbili, suruali nne zisizobana, mashati matano, kofia, sweta na viatu imara. Shati fupi pamoja na suruali ya kiunoni chini ni kosa la siku hizi: akirukuu mgongo wa chini huwa wazi, na hapo ni ndani ya 'awrah, iliyo baina ya kitovu na magoti. Hariri na dhahabu ni haramu kwake, hata kama ni pete ya uchumba.

Mitumba, na sare za harusi

Nguo za mitumba asili yake ni twahara mpaka ijulikane kuwa zina najisi. Zifuliwe, kisha zivaliwe. Tahadhari ni kwenye viatu, makoti na mikoba ya ngozi: ngozi ya nguruwe haitwahariki kwa kudibaghiwa katika madh-hab ya Shaafi'iy, basi tazama alama ya ndani au muulize anayejua.

Sare za harusi zimekuwa mzigo. Mwanafunzi aliyeko Morogoro hutumiwa ujumbe kwamba kitambaa ni hiki na bei ni hii, naye huona haya kukataa. Hakuna dhambi kusema: "Dada yangu, nakuombea kheri, nitakuja na nguo yangu nzuri niliyonayo." Na mwenye harusi asimtie mgeni wake katika deni.

Nasaha kwa wazazi

Msinunue bila ya kumshirikisha mwenye kuvaa. Mpelekeni dukani au kwa fundi, muwekeeni mipaka ya sharia na ya mfuko, kisha mwacheni achague ndani yake. Mama akisema, "Mwanangu, ipi kati ya hizi tatu unaiona ni yako?" amemfunza zaidi kuliko kumfungia sanduku lililojaa. Kijana anayeipenda nguo yake ya stara haoni haja ya kuivua akivuka bahari. Anayevaa kwa kuogopa jicho la mzazi tu, jicho hilo linaishia bandarini Malindi.

Tunamuomba Allaah awahifadhi vijana wetu, awavishe vazi la taqwa, na awarejeshe kwetu kwa salama.

Wa Allaahu A'lam.