Ni Nani Aipimaye Mizani ya Tabibu?

Mtu akipimwa damu hospitalini huandikiwa hesabu katika karatasi, na tabibu huitumainia hesabu ile katika kumpa dawa. Lakini ni nani aipimaye mizani yenyewe?

Kwa miaka mingi kila mpimaji alijisadiki mwenyewe. Ndipo matabibu wawili wa Marekani, Belk na Sunderman, walipopeleka katika hospitali nyingi za Pennsylvania vipimo vya namna moja, vyenye kiasi kijulikanacho cha sukari na vitu vingine. Mwaka 1947 walitangaza majibu: chupa zilikuwa sawasawa, lakini hesabu zilipishana mno, na nyingi hazikufaa. Na tuifikiri hatari yake. Mgonjwa wa kisukari akiandikiwa hesabu iliyo juu kuliko kweli, huenda akapewa dawa kupita kiasi, akazimia, hata akafa. Wala mpimaji hakukusudia ubaya wo wote.

Msaada ulitoka kiwandani. Mwaka 1924 Walter Shewhart, mtumishi wa kampuni ya simu huko Marekani, alichora mstari wa katikati na mistari miwili ya mipaka, juu na chini, ili kuichungua kazi ya kiwanda. Mwaka 1950 Levey na Jennings waliuleta mchoro huo katika maabara. Desturi iliyotokea ni hii: kila siku, pamoja na damu za wagonjwa, hupimwa chupa ambayo kiasi chake kimekwisha julikana, na jibu lake hutiwa nukta katika mchoro. Nukta ikiruka mpaka, majibu ya wagonjwa huzuiwa hata sababu ionekane: pengine dawa ya kupimia imechakaa, pengine chombo kimeharibika, pengine mkono umekosea.

Baadaye zikaja sheria. Marekani ilitunga yake mwaka 1967, ikaikaza mwaka 1988. Mwaka 2003 ikatoka kanuni ya mataifa yote, ISO 15189. Mwaka 2009, mjini Kigali, Shirika la Afya Ulimwenguni lilianzisha mpango wa kuzipa maabara za Afrika nyota, tangu moja hata tano, kwa kadiri ya maendeleo yao.

Sisi walimu twalifahamu jambo hili. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndiyo sababu mwanafunzi hajisahihishii mtihani. Heshima ya mpimaji si kusema, "Sikosei," bali ni kukubali kupimwa kila siku, kabla kosa halijamfikia mgonjwa.