Kharubu si Chokoleti

Mwanzoni mwa karne ya 19, Waingereza walipopigana na majeshi ya Napoleon nchini Hispania, farasi wao walilishwa maganda marefu ya kahawia yaliyodondoshwa na miti ya huko. Hayo ndiyo kharubu. Wafasiri wengi wa Biblia husema ndiyo maganda aliyoyatamani mwana mpotevu wa Injili ya Luka alipokuwa akilisha nguruwe. Kwa sifa kama hizo, si ajabu kwamba walaji wa mbali waliidharau kabla ya kuionja.

Mkharubu ni wa jamii ya mikunde, kama mkwaju, nao hustawi kandokando ya Mediterania, hata penye mawe na mvua haba. Ganda huchukua karibu mwaka mzima kukomaa. Halina uchachu wa ukwaju. Limejaa sukari, na mtu hulitafuna hivi hivi akitema mbegu.

Njaa ndiyo iliyoitia doa zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watu wa Krete waliokuwa chini ya Wajerumani waliila ili waishi, na Wamalta waliozingirwa vivyo hivyo. Hispania nayo, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1939, iliigeukia kwa sababu chakula kingine kilikuwa adimu. Wapo wazee ambao hawakutaka kuiona tena mezani.

Kisha miaka ya 1970 ikaja fedheha ya aina nyingine. Nchini Marekani, maduka ya vyakula vya afya yaliuza unga wa kharubu badala ya kakao, kwa kuwa hauna kafeini na rangi zinakaribiana. Mtoto aliyeahidiwa chokoleti hakudanganyika hata kidogo! Kharubu haina uchungu wa kakao wala mafuta yake, basi ikahukumiwa kwa kesi isiyokuwa yake.

Huko kwao hakuna anayeifananisha na chokoleti. Kupro iliwahi kuiuza nje kwa wingi hata wenyeji wakaiita dhahabu nyeusi. Katika kijiji cha Anogyra, asali yake nzito huchemshwa mpaka igande, kisha huvutwa na kukunjwa, ikavutwa tena, hadi weusi ule unageuka rangi ya dhahabu. Peremende hiyo huitwa pasteli. Walebanoni huchanganya asali ya kharubu na ufuta uliosagwa, wakachovya mkate. Wamisri huloweka maganda, wakayachemsha na kuyachuja, na kinywaji chake baridi hufungulia saumu ya Ramadhani. Malta nayo ina peremende zake za Kwaresima, zisizo na maziwa wala mayai, kwa hiyo mfungaji hazimvunjii mfungo.



Asiyewahi kuonja kharubu huenda ameshaila bila kujua, maana mbegu zake husagwa kuwa gundi ya kuzuia aiskrimu isifanye chembe za barafu. Lakini gundi haina ladha ya tunda. Anayetaka kuijua kharubu yenyewe aanze na asali yake na kipande cha mkate, na kakao aisahau kwa muda.