Hulk wa Televisheni: Maisha na Nguvu za Daktari David Banner

Daktari David Banner ndiye mhusika mkuu wa The Incredible Hulk, tamthilia ya Marekani iliyorushwa na kituo cha CBS kuanzia Novemba 1977 hadi Mei 1982. Ni tabibu na mtafiti ambaye, akipandwa na hasira au akizidiwa na maumivu, hugeuka jitu la kijani lenye nguvu za kutisha. Chimbuko lake ni katuni za Marvel, ambako Stan Lee na mchoraji Jack Kirby walimtoa kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Hata hivyo, aliyemzoea Hulk wa katuni au wa sinema za siku hizi atamkuta huyu ni mtu mwingine kabisa. Mashujaa wenzake hutumia nguvu zao kutafuta ushindi. Yeye anatafuta dawa ya kuziondoa. Kwake nguvu ni maradhi, na ukishalishika hilo, mengine yote katika tamthilia yanaeleweka.

Tofauti hiyo ilikusudiwa. Mtunzi wa tamthilia, Kenneth Johnson, hakuwa mpenzi wa katuni. Alipopewa kazi hii alikuwa akisoma Les Misérables, riwaya ya Victor Hugo kuhusu mtu mwema anayewindwa miaka nenda miaka rudi na askari asiyejua kusamehe, na humo ndimo alimopata mhimili wa hadithi yake: mkimbizi na mwindaji. Mengi ya katuni akayatupa. Bruce Banner, mwanafizikia aliyepatwa na mlipuko wa bomu, akawa David Banner, daktari anayejidhuru mwenyewe maabarani. Jina la zamani likabaki la katikati tu, nalo linaonekana kwenye jiwe la kaburi lake katika filamu ya kwanza, ile ya 1977 iliyoanzisha tamthilia. Johnson alitaka hata jitu liwe jekundu, rangi anayoihusisha na hasira, lakini Lee hakukubali.

Maisha ya Banner kama tunavyoyajua yanaanzia barabarani. Gari lake linapasuka tairi, linapinduka na kushika moto huku mkewe, Laura, akiwa amenasa ndani. Banner anajitahidi kulinyanyua anashindwa, na mkewe anateketea mbele ya macho yake. Tangu hapo anaandamwa na swali moja: wako watu wa kawaida ambao katika dakika ya hatari waliwahi kunyanyua gari ili kuokoa wapendwa wao, kwa nini yeye hakuweza? Akiwa katika taasisi ya utafiti ya Culver pamoja na mwenzake, Dkt. Elaina Marks, anawahoji watu hao mmoja mmoja na kuchunguza chembe zao. Anakuta vinasaba vyao vina sifa fulani isiyo ya kawaida. Kinachomchoma ni kwamba yeye mwenyewe anayo sifa hiyo, tena kwa kiwango cha juu kuliko wao.

Jibu analipata kwenye kumbukumbu za madoa ya jua. Siku wale watu walipopata nguvu, mionzi ya gama ilikuwa mingi angani. Siku Laura alipokufa, ilikuwa michache. Usiku huohuo, bila kumwambia mtu, Banner anajilaza chini ya mashine na kujipiga mionzi hiyo. Hajui kwamba mashine imeongezewa uwezo na kwamba kipimo anachokisoma si cha kweli: anapokea mionzi mara kadhaa ya aliyokusudia. Anasimama, anajaribu kunyanyua kitanda, hakinyanyuki. Anaondoka akidhani jaribio limeshindwa.

Mvua inanyesha, gari linapata pancha, naye anashuka kubadilisha gurudumu. Spana inateleza, mkono unaumia, hasira za siku nzima, na pengine za mwaka mzima, zinafurika. Hapo ndipo jitu linatokea kwa mara ya kwanza, na linalivunjavunja gari. Wahenga walisema hasira hasara. Sidhani kama methali hiyo imewahi kupata mfano wa wazi kuliko huu.

Utafutaji wa tiba unaanza mara moja na kuvurugika mara moja. Jack McGee, mwandishi wa gazeti la udaku liitwalo National Register, ananusa habari, anajificha katika chumba cha kemikali na kusababisha chupa moja kumwagika. Banner anamtoa nje, maabara inalipuka, na Elaina amebaki ndani. Jitu linaingia motoni kumtoa, lakini anafia mikononi mwake. McGee anachokiona ni dubwana likitoka kwenye moto, naye anaamini ndilo lililowaua madaktari wote wawili. Basi Banner anahesabiwa marehemu, Hulk anahesabiwa muuaji, na kutoka hapo mtu huyu hawezi kurudi popote.

Kinachofuata ni misimu mitano ya kutangatanga. Banner anazunguka Marekani kwa miguu na lifti za malori, kamfuko begani, akifanya vibarua vya shambani, gereji, hotelini na bandarini. Kila mji anajiita jina jipya, ingawa karibu kila mara ukoo wake unaanza na herufi B, jambo linalomfanya mtazamaji ajiulize McGee alisomea wapi uandishi. Kila mji pia una mtu mwenye shida, na Banner hana moyo wa kupita kando. Anaingilia, anapigwa, anageuka, mambo yanaisha, naye anaondoka kabla mwandishi hajafika. Muundo huo ulijirudia mno, na baadhi ya sehemu kwa kweli zinachosha.

Mageuzi yenyewe yana utaratibu. Huanza na macho, ambayo hubadilika rangi. Bill Bixby, aliyemwigiza Banner, alivaa lenzi maalumu kwa kazi hiyo. Kisha misuli hufura, shati hupasuka mgongoni, viatu huachia. Suruali, kwa sababu wanazozijua watayarishaji peke yao, haichaniki kupita magoti. Kichocheo si hasira tu: maumivu makali, hofu, hata ndoto mbaya usingizini huweza kuliamsha jitu. Hasira ikishatulia mwili hurudi wa kawaida, na Banner huzinduka amechoka, nguo zimechanika, bila kumbukumbu ya aliyoyafanya. Pengo hilo la kumbukumbu ni mateso makubwa kwake, kwani kila mara analazimika kujiuliza kama safari hii ameua.

Kwa upande wa nguvu, Hulk huyu ni mdogo kuliko wa katuni. Haruki kilomita kwa mruko mmoja wala hapigani na majeshi. Hupindua magari, hukunja vyuma, hubomoa kuta na hurusha watu, kwa kawaida mahali pasipowaumiza sana. Ngozi yake si ya chuma: katika filamu ya kwanza mwindaji anampiga risasi na damu inatoka. Alichonacho ni uponyaji wa haraka, jeraha ambalo lingemlaza mtu kitandani kwa wiki nyingi likifunga kwa muda mfupi. Wala hasemi. Hulk wa katuni huongea, huyu hunguruma tu, lakini anawatambua wanaomtendea wema, na sauti ya upole humtuliza haraka kuliko bunduki. Bajeti ya televisheni ya miaka ile isingeweza kumudu zaidi, na mimi naona ufinyu huo ulimfaa, kwani jitu linaloweza kuumia humfanya mtazamaji alihurumie.

Swali zito zaidi ni kama Hulk ni nafsi nyingine au ni Banner yuleyule. Sehemu iitwayo The First, ya mwaka 1981, ndiyo inayolijibu vizuri. Banner anagundua kwamba miongo kadhaa nyuma kulikuwa na mtu mwingine, Dell Frye, aliyegeuzwa kwa njia kama yake. Jitu la Frye liliua kwa sababu Frye mwenyewe alikuwa na moyo wa kuua. Kwa maneno mengine, mionzi haileti tabia mpya. Inayavua mavazi tu yale yaliyomo ndani. Sehemu ya Prometheus ya 1980 inaonyesha upande mwingine, pale kimondo kinapomkwamisha Banner katikati ya mageuzi, si mtu kamili wala si jitu kamili. Na katika Mystery Man ya 1979, McGee anajua hatimaye kwamba Hulk ni binadamu, ila hajui ni nani.

Jitu liliigizwa na Lou Ferrigno, mjenga misuli aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake utotoni. Mariette Hartley, aliyeigiza daktari mgonjwa anayefunga ndoa na Banner katika sehemu ya Married, alipata tuzo ya Emmy mwaka 1979. Kinanda cha huzuni kinachosindikiza kila mwisho, Banner akinyoosha kidole gumba kuomba lifti, ni utunzi wa Joe Harnell.

Baada ya tamthilia kusimamishwa zilifuata filamu tatu za televisheni, za 1988, 1989 na 1990. Katika ya mwisho Hulk anaanguka kutoka kwenye ndege, anarudi kuwa mtu, na Banner anakufa bila kupata tiba. Bixby alifariki mwaka 1993. Filamu ya sinema ya 2008 iliazima jina la Culver kwa chuo chake na kupiga kidogo kinanda cha Harnell. Mwenye nia ya kuanza kuitazama tamthilia hii aanze na filamu ya kwanza ya 1977, kisha Married, Mystery Man na The First. Zile tatu za mwisho anaweza kuziruka, maana mbili kati yake zilitengenezwa zaidi kuwatambulisha mashujaa wengine wa Marvel, Thor na Daredevil.