Uongo wa Dalali

Dalali aliyewauzia akina Shelley nyumba alikuwa mwongo. Mwaka 1945, katika barabara ya Labadie mjini St. Louis, Marekani, alijifanya anawatafutia mali ya mtu mwingine, kumbe mwenye nyumba ni yeye mwenyewe. Kaiandikisha tu kwa jina la mwanamke fulani. Wanunuzi walikuwa weusi. Hawakujua pia kwamba wenye nyumba wa mtaa ule walishawekeana mkataba mwaka 1911: kwa miaka 50, mtu mweusi asikae hapo, wala mwenye asili ya Asia ya Mashariki.

Ajabu ni kwamba dalali mkweli asingewasaidia. Kanuni za maadili za chama cha kitaifa cha madalali, tangu 1924, zilimkataza mwanachama kuingiza mtaani watu wa rangi au taifa ambao wangeshusha bei za nyumba. Kubagua ndiko kulikoitwa uadilifu! Maneno ya rangi na taifa yaliondolewa mwaka 1950.

Majirani walishtaki ili akina Shelley waondolewe. Mei 1948 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba watu wakitaka wawekeane mikataba hiyo, lakini mahakama zisitumike kuitekeleza. Akina Shelley wakabaki kwao.

Ubaguzi nao ukahamia mdomoni. Sheria ya makazi ya 1968, iliyotiwa saini siku saba baada ya Martin Luther King kuuawa, ilikataza hata ule uongo mwepesi wa kumwambia mtu nyumba imeshachukuliwa wakati ipo. Kulithibitisha hilo ndiko kulikokuwa na kazi. Dalali anatabasamu, anafungua daftari, anatikisa kichwa; mteja anaondoka akishukuru.

Dawa ikawa kumtegea. Katika jimbo la Virginia, mwanamke mweusi na mwenzake mweupe walijifanya wapangaji wakaenda kwa kampuni ileile. Mweusi akaambiwa hakuna nafasi, mweupe akaambiwa zipo. Kampuni iliposhtakiwa ikajitetea: mwanamke huyu hakuwa na nia ya kupanga, kapoteza nini? Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ilijibu kwamba sheria inampa kila mtu haki ya kuambiwa ukweli, hata aliyekuja akitarajia kudanganywa.

Mtego huo bado unanasa. Mwaka 2019 gazeti la Newsday lilieleza lilivyotuma wapimaji 25, waliojifanya wanunuzi na wenye kamera za siri, kwa madalali 93 wa Long Island, New York. Wapimaji weusi walitendewa tofauti na weupe katika asilimia 49 ya majaribio yao.