Asili na Maana ya Neno "Kutangaza"

Mwalimu afundishaye Kiingereza hukutana na neno publish, na mara nyingi humpa mwanafunzi tafsiri ya "kupiga chapa", kisha hupita. Tafsiri hiyo ni pungufu mno. Neno lenyewe latoka katika Kilatini, publicare, yaani kulifanya jambo kuwa la watu wote, nalo lilikuwamo katika Kiingereza tangu karne ya 14, kabla William Caxton hajaleta mtambo wa chapa Uingereza mwaka 1476. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yalitumia kwa yule mwenye ukoma wa Marko 1:45, aliyetakaswa akaenda akaieneza habari yake. Naye hakuwa na karatasi wala wino. Hata leo, katika sheria ya Waingereza juu ya kashfa, kumwambia mtu mmoja tu neno baya la mwenzake kwaitwa kwa neno lilo hilo.

Chapa ni neno la Kihindi lililofika pwani pamoja na biashara, nalo lasema habari ya alama tu. Hata ng'ombe hupigwa chapa. Kutangaza ni neno bora. Maana yake ni kulifanya jambo litangae. Habari yaweza kutangaa yenyewe, kama moshi; bali ikitangazwa, yuko aliyeitangaza, naye aweza kuulizwa.

Zamani huko pwani mtangazaji alipiga mbiu, ndiyo pembe, na watu wakakusanyika kwanza, ndipo aliponena. Wamasai nao huwaita vijana wao kwa pembe ya tandala. Tena kwao habari, ilomon, "huliwa": watu wawili wakikutana njiani pande za Soitsambu, huyu husimulia na yule huitikia, kisha hubadilishana zamu, na mgeni mwenye haraka huonekana hana adabu. Kanisani nako ndoa hutangazwa mara tatu, ili mwenye kujua kizuizi apate kusema. Hivyo tangazo lahitaji masikio, na nafasi ya jibu.

Mwandishi wa sheria aandika vingine. Kwake jambo limekwisha tangazwa mara litokeapo katika Gazeti la Serikali, ijapokuwa mchungaji aliye malishoni hajaliona gazeti hilo maisha yake yote. Tarehe 17 Juni 2022, kwa Tangazo la Serikali Na. 421, kilomita za mraba 1,500 hivi za Loliondo, tarafa ilimo Soitsambu, zilifanywa Pori Tengefu la Pololeti. Kwa wafugaji hayo yalikuwa malisho na maji. Wenyeji walikwenda mahakamani, na mwezi wa Septemba 2023 Mahakama Kuu ya Arusha ikalibatilisha tangazo lile, kwa sababu watu wa mahali pale hawakushauriwa kabla ya kuandikwa kwake.