Tulipoambiwa Presha ni Uzee

Mwaka 1929 jarida la madaktari la Lancet, Uingereza, lilichapa makala ya daktari wa serikali ya kikoloni aitwaye C. P. Donnison, aliyekuwa na kituo chake Kavirondo Kusini, upande wa Ziwa Victoria nchini Kenya. Alikuwa amewapima presha wanaume wapatao 1,000 wenye afya zao. Vijana aliowapima hawakupishana sana na vijana wa Ulaya. Kilichomshangaza ni wazee. Kwa Wazungu presha ilizidi kupanda kadiri miaka ilivyosonga. Kwa wazee wa Kavirondo haikupanda, na kwa waliovuka miaka 60 ilishuka. Kati ya wagonjwa 1,800 hivi waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka miwili, hakumpata hata mmoja aliyeugua presha ya kupanda.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimepima presha za wazee wa mkoa wa Kilimanjaro kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na makala ile hunitia furaha na uchungu kwa pamoja. Furaha, kwa kuwa miili ya babu zetu ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi kwamba presha kupanda si sheria ya uzee. Uchungu, kwa kuwa ushahidi huo ulikaa kwenye makabati ya vitabu huku wazee, kizazi baada ya kizazi, wakiambiwa warudi nyumbani wakapumzike.

Mtu makini atauliza: Donnison alijuaje umri wa watu wasio na cheti cha kuzaliwa? Alikisia, kama tunavyokisia hata sasa. Bibi wa mlimani hakuambii mwaka. Unamuuliza, “Bibi, bendera ya uhuru ilipopandishwa mlimani ulikuwa umeshaolewa?” Akijibu kwamba siku hiyo alikuwa amembeba mtoto wa tatu mgongoni, unahesabu kuanzia hapo. Unaweza kukosea miaka mitano, hata kumi. Lakini kosa la namna hiyo haliwezi kugeuza mlima kuwa mteremko, na waliomfuatia Donnison walikuta jambo lile lile. Miaka ya 1960, A. G. Shaper na wenzake wa Makerere walikwenda kwa wafugaji wa Kisamburu kaskazini mwa Kenya, wakakuta presha isiyopanda na umri. Vijana wa Kisamburu walioingia jeshini na kula posho ya jeshi, yenye chumvi nyingi, presha zao zilipanda. Mwaka 1990 yakachapishwa matokeo ya N. R. Poulter na wenzake, waliowafuatilia Waluo waliohama kijijini kwenda Nairobi. Mabadiliko yalionekana mapema tu baada ya kufika mjini: uzito, mapigo ya moyo, chumvi kwenye mkojo, na presha. Hao hawakuwa wamezeeka. Walikuwa wamehama.

Huko Ulaya na Marekani mawazo yalikuwa mengine kabisa. Kipimo chenyewe kilikuwa bado kichanga: kipimo cha zebaki chenye mkanda wa mkononi kilitengenezwa na Scipione Riva-Rocci kule Turin mwaka 1896, na mwaka 1905 Nikolai Korotkoff wa Saint Petersburg akaonyesha namna ya kusikiliza mshipa chini ya mkanda. Kupima wakajua. Kutibu wakakataa. Waliamini kwamba mishipa ya mzee ikikakamaa, moyo hauna budi kusukuma kwa nguvu zaidi ili damu ifike kwenye ubongo na figo, kwa hiyo kuishusha presha ni kumdhuru. Mwaka 1931 John Hay, profesa wa Liverpool, aliwaambia madaktari wenzake kwamba hatari kubwa ya presha ni kugunduliwa kwake, maana lazima atatokea mjinga wa kutaka kuishusha. Hata Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, mwenye madaktari wa kila aina, alifariki kwa kiharusi Aprili 1945 akiwa na miaka 63. Siku hiyo presha yake ilivuka 300 kwa 190.

Haki itendeke: moyo wenyewe unazeeka kweli. Mshipa mkuu hukakamaa, kama mpira wa maji uliopigwa na jua miaka mingi. Hautanuki tena vizuri damu inaposukumwa, ndiyo maana kwa wazee wengi namba ya juu ya presha hupanda huku ya chini ikishuka. Ukuta wa chumba cha kushoto cha moyo hunenepa, na chembe zinazoanzisha mapigo hupungua. Mzee hawezi kufikisha kasi ya moyo ya kijana hata akikimbia. Anapoinuka ghafla kitandani, mwili wake huchelewa kurekebisha presha, naye huona giza na kuanguka. Lakini mabadiliko hayo si kibali cha kumwacha bila tiba. Ni sababu ya kumtibu kwa uangalifu: dozi ndogo kwanza, kuipandisha polepole, kuangalia figo.

Kwa miongo mingi madaktari walifuata namba ya chini, na ya juu wakaiona ni mvi za mishipa tu. Mwaka 1991 utafiti wa SHEP wa Marekani, uliowahusisha watu 4,736 wenye miaka 60 na zaidi ambao namba ya juu peke yake ndiyo iliyopanda, ulionyesha kuwa dawa zilipunguza kiharusi kwa asilimia 36. Wenye miaka 80 wakabaki mlangoni hadi mwaka 2008, ulipotoka utafiti wa HYVET wa watu 3,845. Ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa dawa walikufa wachache, na moyo kushindwa kazi kulipungua kwa asilimia 64. Toka Hay hadi hapo ni miaka 77.

Kwetu kipindi hicho hicho hali ilikuwa imegeuka. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta karibu watu wazima 3 kati ya 10 wana presha. Miongoni mwao, wasiofika 20 kati ya 100 ndio waliojijua, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika hata mmoja katika 100. Baadaye, kwa wazee wa Hai wenye miaka 70 na kuendelea, walioonekana na presha walikaribia 70 katika kila 100. Ni vizazi viwili vitatu tu baada ya Donnison.

Namkumbuka mama mmoja aliyeletwa na wanawe miguu imevimba hadi magotini. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Usiku alilala ameegemea mito mitatu ndipo apate pumzi.

“Shikamoo mama. Hali hii ilianza lini?”

“Marahaba mwanangu. Ni uzee tu huu.”

Wanawe nao wakaitikia: ni uzee. Haukuwa uzee. Moyo ulikuwa umechoka kusukuma dhidi ya presha ya miaka mingi, na maji yalikuwa yamejaa. Vidonge alikuwa navyo, amevifunga kwenye ncha ya kanga, akimeza siku kichwa kinapouma. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba presha haiumi.

Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, ina madirisha ya wazee hospitalini, na Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Ninayathamini yote hayo. Lakini ugonjwa wa yule mama ulipaswa kukamatwa zahanati ya kijijini, kwa mkanda na dakika kumi za kuzungumza naye. Kwa hiyo nawaomba wenye wazee nyumbani: mpelekeni mzee wenu akapimwe, kwanza amekaa, kisha amesimama. Mwambieni muuguzi dawa zake zote, za miti shamba pia. Punguzeni chumvi chunguni, si sahanini kwake peke yake. Na vidonge vyake mvihesabu kila Jumapili.